Kimya cha Familia za Wairani Ughaibuni: Kinga au Chanzo cha Sonona?

Mwirani aliye mbali na kwao, akimkumbuka mama yake, husema "delam barat tang shode", yaani moyo wangu umekuwa finyu kwa ajili yako. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa sana hapo, kwa kuwa naye husema moyo umembana, na hata neno lao la upweke wa ugenini, "ghorbat", limetoka katika mzizi uleule wa Kiarabu uliotupatia sisi "gharibu". Lakini mtu huyohuyo, simu ikipigwa kutoka Tehran au Shiraz na akaulizwa hali, atajibu kwamba hajambo, kazi inakwenda na watoto wanasoma. Na mama yake naye atajibu kwamba hajambo, hata kama juzi tu ametoka hospitalini. Si ajabu kwa mhamiaji kuambiwa kwamba baba amelazwa wakati tayari amekwisha kuzikwa, kisha habari ikafunguliwa kidogo kidogo ili isimwangushe akiwa peke yake.

Kimya cha namna hii hufasiriwa kwa njia mbili zinazopingana kila inapojadiliwa sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, katika familia za Wairani waliohamia Los Angeles, Toronto, Stockholm na kwingineko. Wapo wanaokiona kuwa chanzo cha maradhi, na wapo wanaokiona kuwa namna ya kutunzana ambayo madaktari wa ugenini wameshindwa kuielewa.

Hoja ya kwanza ina uzito usiopuuzika. Heshima ya mtu mbele za watu huitwa kwa Kiajemi "aberu", na familia huilinda kwa kutotoa nje mambo ya ndani, hasa yanayohusu akili. Juu ya hapo kuna "taarof", adabu inayomtaka mtu akatae anachopewa mara ya kwanza na ya pili, akitarajia kusihiwa tena. Mzee anayehitaji msaada nyumbani hujibu kwamba hahitaji. Muuguzi asiyeijua adabu hiyo husikia hapana, huandika hapana, na huondoka. Mgonjwa mwingine hufika kwa daktari akilalamikia kichwa, tumbo au "asab", yaani mishipa ya fahamu, akarudi nyumbani na vidonge vya maumivu, huku asilolitaja likizidi kumla. Mtu asiyelala, asiyekula na anayewaza kujiua hawezi kusubirishwa mpaka utamaduni wake ueleweke. Katika hili nakubaliana na upande huo bila sharti lolote.

Upande huo una hoja nyingine, ambayo kwangu ndiyo nzito zaidi, nayo inahusu ndoa. Mwaka 2002 mwanasosholojia Mehrdad Darvishpour alichapisha utafiti wake kuhusu familia za Wairani nchini Uswidi, akionyesha jinsi mizani ya nguvu kati ya mume na mke inavyobadilika baada ya kuhama, na jinsi badiliko hilo linavyozidisha migogoro. Kwa sheria ya Iran, haki ya mume kutoa talaka ni pana kuliko ya mke kuidai, na mama aliyeachika hupewa malezi ya mtoto mpaka umri wa miaka 7, kisha haki hiyo huelekea kwa baba. Uswidi, mke ana haki sawa ya kuivunja ndoa, ana kipato chake, na hatupwi nje ya jamii akiishi peke yake. Mume aliyekuwa mhandisi anakuta shahada yake haitambuliki na anaendesha teksi, ilhali mkewe amejifunza lugha, amepata ajira na anaongea na walimu wa watoto. Huzuni ya mume huyo ni ya kweli. Hata hivyo, hali ileile inayomnyong'onyesha yeye huenda ndiyo inayompa mke pumzi yake ya kwanza, na familia inapoombwa inyamaze ili ilinde umoja wake, mara nyingi kinacholindwa ni nafasi ya mtu mmoja ndani yake. Watoto nao huingizwa katika mzigo huo mapema mno, pale mtoto wa shule ya msingi anapoketi kati ya mama yake na daktari akitafsiri. Mama huyo atachagua maneno gani ya kueleza kwamba hataki kuishi, wakati atakayeyatamka ni mwanawe?

Upande wa pili haukatai hayo, bali unauliza ni nani mwenye haki ya kuiita huzuni ugonjwa. Mwanaanthropolojia Byron Good alifanya utafiti katika mji wa Maragheh, kaskazini magharibi mwa Iran, katika miaka ya 1970, akakuta watu wakieleza taabu ya moyo, moyo unaodunda na kubanwa kifuani, wakiihusisha na madeni, misiba, ugomvi wa nyumbani na uzazi, kiasi kwamba haikuwezekana kuutenga moyo wa mtu na maisha yake. Mwaka 1985 yeye, Mary-Jo DelVecchio Good na daktari wa akili Robert Moradi waliandika kuhusu sonona ya Wairani, wakaeleza kwamba katika utamaduni huo huzuni hubeba heshima: mwenye kuhuzunika huonekana kuwa na kina, na kulia pamoja ni sehemu ya ibada. Msomaji wa Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam aliyewahi kuona majlisi za Mashia Ithnaasheri mwezi wa Muharram anafahamu kwamba kuwalilia waliouawa Karbala si dalili ya akili iliyoharibika. Dodoso linalohesabu machozi bila kuuliza yanamlilia nani lina hatari ya kuandikisha ugonjwa mahali pasipo na ugonjwa.

Kisha kuna siasa. Marekani haina ubalozi Tehran tangu nchi hizo zivunje uhusiano mwaka 1980, na Kanada ilifunga wake mwaka 2012, hivyo kwa miaka mingi mama aliyetaka kumwona mjukuu wake Marekani alisafiri kwanza hadi nchi ya tatu, kama vile Uturuki au Armenia, kwa usaili wa viza tu. Amri iliyotolewa na rais wa Marekani Januari 27, 2017 ikawazuia wengi kabisa. Januari 8, 2020, ndege ya abiria iliyoruka kutoka Tehran ilidunguliwa kwa makombora ya Walinzi wa Mapinduzi, kikosi cha kijeshi cha Iran, wakafa watu wote 176, na 138 kati yao walikuwa safarini kuelekea Kanada. Serikali ya Iran ilikanusha kwa siku tatu kabla ya kukiri. Intaneti ilipozimwa Novemba 2019, na tena wakati wa vita vya Juni 2025 kati ya Iran na Israeli, walioko nje walikaa na simu mkononi wasijue kama ndugu zao wako hai. Daktari anayemtibu mtu wa namna hii anatibu msiba usiokwisha, na nadhani ni haki kumlaumu anayetafuta sababu yote katika "utamaduni wa Kiirani", kana kwamba viza na makombora ni mila.

Hata hivyo upande wa pili nao huteleza unapodai kwamba sonona ni neno la wageni lililobandikwa juu ya Wairani. Ndani ya Iran kwenyewe watu husema "depreshen", neno la Kiingereza la sonona, katika mazungumzo ya kila siku, hasa kizazi kilichozaliwa miaka ya 1980 na kukulia katika ving'ora vya vita na Iraki, na wengi wao walihama wakiwa na neno hilo tayari kinywani. Tena Wairani wa nje si kundi moja. Mbahai, yaani mfuasi wa dini ya Bahai, aliyekimbia kuteswa kwa ajili ya imani yake, mwanafunzi aliyeondoka kabla ya mapinduzi ya 1979 na mhandisi aliyekubaliwa Kanada miaka mitatu iliyopita hawakuacha nyumba moja, wala hawaombolezi kitu kimoja.

Ninavyoona mimi, pande zote mbili hukitazama kimya kama tabia ya anayenyamaza, zikamsahau aliyekuwa akikisoma. Katika nyumba ya Iran kimya hakikuwa giza tupu, kwa sababu khala aliona kwamba sahani imerudi jikoni na chakula chake, bibi aliona macho, jirani alitambua kwamba mlango haujafunguliwa tangu asubuhi. Mtu hakuhitaji kusema, kwa kuwa wapo waliojua kumtazama. Ughaibuni mtu amebaki na adabu ileile ya kuficha, lakini macho yale hayapo, na jambo lililokuwa hifadhi limekuwa kifungo bila yeye kubadilika hata kidogo. Ndiyo maana ushauri wa kumtaka tu "afunguke" humtisha, kwani unamdai afanye peke yake kazi iliyokuwa ikifanywa na ukoo mzima.

Jambo hili huonekana wazi zaidi wakati wa Nowruz, mwaka mpya wa Wairani, ambao jina lake ndilo pwani yetu hulitamka Nairuzi kwa mwaka mpya wake yenyewe. Baada ya siku hiyo ya Machi 20 au 21, Wairani hutembeleana, wadogo wakianza kwa wakubwa, na desturi hiyo huiita "did-o-bazdid", kuona na kurudi kuona. Toronto siku hiyo huangukia mara nyingi katika siku ya kazi, na ndugu huonana kwenye skrini, kamera ikiwa imeelekezwa kwenye meza iliyopambwa. Jumuiya za Wairani zinazogharimia vikao vya ushauri wa saikolojia zinafanya jambo jema, na ningependa zigharimie pia nauli ya wazee wachache wanaoheshimika, waingie nyumba hadi nyumba katika siku zile 13 za sikukuu, wanywe chai, wakae mpaka kamera izimwe na mwenye nyumba achoke kutabasamu.