Boti ya injini moja: uingie kwa omo (mbele) au kwa tetri (nyuma)?

Manahodha wengi wa boti za injini moja huingia kwenye maegesho kwa omo. Sababu yao iko wazi: boti ikienda mbele humtii nahodha, ikirudi nyuma hufanya itakavyo. Wapinzani wao hujibu kwamba aliyeingia kwa omo hajakwepa kitu, kwani kesho atatoka kinyumenyume. Wote wana hoja, ila naona wanabishana huku wameusahau upepo.

Nazungumzia boti yenye shafti (mhimili unaozungusha propela) na usukani. Ile ya injini ya kupachika ni habari nyingine, maana kule propela yenyewe ndiyo inayogeuzwa. Gia ikiwa ya mbele, propela hutupa maji moja kwa moja kwenye usukani, hivyo hata boti iliyosimama hugeuka. Gia ya nyuma hutupa maji hayo kuelekea omo, na usukani huwa kama haupo mpaka boti ipate mwendo. Papo hapo propela huiburuta tetri kando: ile inayozunguka kulia boti ikienda mbele, kwa kawaida huivuta tetri kushoto. Kujua tabia ya boti yako, ifunge kamba barabara gatini, tia gia ya nyuma taratibu, kisha chungulia maji yanachemka ubavu upi. Tetri huvutwa ubavu wa pili.

Hapo ndipo wa tetri wanapopata nguvu. Anayeingia kinyumenyume huanza mbali, penye nafasi, akapata mwendo, akaweka gia huru; propela haivuti tena na usukani unafanya kazi. Breki yake ni gia ya mbele, ambayo usukani huitii mara moja. Anayetoka kinyumenyume huanza akiwa amesimama, katikati ya boti za watu. Lakini wa omo nao hawasemi ovyo: penye kina kifupi au mawe chini ya ukuta, propela na usukani havifai kutangulia. Tena ukirudi kwa kasi, maji huweza kuunyakua usukani mkononi mwako.

Sasa upepo. Omo ya boti nyingi ndiyo hupeperushwa kwanza, kwa hiyo boti inayorudi nyuma hupenda kuuelekezea upepo tetri. Ukivuma kutoka ndani ya maegesho kuja nje, ingia kwa tetri. Ukivuma kuelekea ndani, ingia kwa omo: gia ya nyuma itakushikilia sawasawa, na usipobadilika utatoka ukiurudia. Wa ubavuni ndio mgumu. Boti inaporudi nyuma na propela ile ya kulia, upepo wa kulia na mvuto wa propela hupunguzana nguvu. Wa kushoto hushirikiana na propela kukuzungusha, na hapo mimi ningeingia kwa omo, maana boti ikielekea upande wa pili upepo huohuo huwa wa kulia, na usipobadilika utapunguzana nguvu na propela nitakapotoka kinyumenyume.