Sikulia, lile lilikuwa jasho

Haya, kabla Kasuku hajamaliza kuizungusha Malindi nzima hii stori ya eti gari lilinichemkia nikalia, niacheni niwape mwenyewe. Kwanza kabisa sikulia. Saa nane mchana, jua la kukausha ng'onda, lile lilikuwa jasho.

Mnajua vile kigari changu kimenitesa. Barabarani hakina neno, naenda mpaka Gede na mshale wa joto umetulia katikati kama mzee yuko barazani, lakini nikikwama tu kwenye foleni ya tuktuk pale sokoni na injini inanguruma, mshale unapanda unapanda mpaka kwenye nyekundu. Basi nikajitia ufundi. Nikasema ni termostati, ikabadilishwa. Nikasema rejeta imeziba, ikaoshwa. Nikasema mfuniko wa rejeta umechoka haushiki presha, ukanunuliwa mwingine. Fundi wa watu aliniuliza mara mbili, "Bosi, feni umeiangalia?" nikamwambia we fanya ninachokwambia. Shilingi elfu saba. Na zote (mnaocheka subirini kwanza) zilitoka kwa mama mkwe.

Sasa juzi Ijumaa baada ya swala nampeleka huyo huyo mama mkwe Mambrui. Akasema nisimame mara moja anunue haluwa. Mara moja ya mama mkwe mnaijua. Kurudi, mvuke unatoka kwenye boneti kama sufuria ya biriani ya harusi. Nikazima injini, nikafungua boneti, kanzu yangu nyeupe peee, na watu washajaa. Nami kwa kuona watu, nikaanza darasa: "Hii ni gasketi ya hedi, injini itabidi ishuke." Mama mkwe akashika kifua. "Mwanangu, hiyo nayo pesa ngapi?"

Hapo ndipo akatokea kijana wa tuktuk, miwa mkononi, anatafuna. Akauliza taratibu, "Bro, likikimbia linachemka?" Nikamwambia hapana. "Likisimama?" Ndio. Akatema makapi. "Basi likikimbia linapoozwa na upepo. Likisimama ni kazi ya feni, na feni yako haizunguki." Akafungua lile boksi jeusi la fyuzi, akageuza kifuniko, akapitisha kidole chenye utomvu wa miwa kwenye kile kimchoro, kikashuka, kikashuka, kikasimama. "Rilei ya feni iko wapi?" Sote tukainama. Kitundu kitupu. Hakuna rilei, yaani kile kiswichi kidogo cha umeme kinachoiwasha feni, kuna utando wa buibui, na buibui mwenyewe ndani anatuangalia.

"Honi yako inalia?"

Yaani nilivyokuwa mjinga nikafurahi! Nikaingiza mkono dirishani nikaibonyeza, paaaaa. Honi safi.

Akaichomoa rilei ya honi, akaitia kwenye kile kitundu. Ikaingia kama iliyozaliwa humo. Akaniambia nifungue swichi. Feni, vuuuuuu, vumbi lote likaja kwenye kanzu.

Kimya. Halafu kwa nyuma nasikia sauti ya Kasuku, ambaye sijui hata alifika saa ngapi: "Si ndiyo ile uliyoihamisha wewe mwenyewe siku ya harusi ya dadako, honi ilipokataa kulia? Ukasema feni hata haitumiki!"

Jamani. Ilinirudia yote. Mimi huyu huyu, kwa mikono yangu, niliitoa kwenye feni nikaitia kwenye honi ili tumpigie bi harusi mapaapaa mji mzima, nikasema kesho nitanunua nyingine. Miezi miwili. Miezi miwili nawapigia watu honi kwa pumzi ya rejeta. Mama mkwe hakusema kitu, alinitazama tu kuanzia kofia mpaka makubadhi, halafu akafungua haluwa akampa kijana wa tuktuk kipande kikubwa. Mimi sikupewa.

Mengine si ya maana. Tulingoja ipoe, tukaongeza maji, rilei ni mia tano na nimenunua, msiniulize tena.

Ila siku ile tulikwenda Mambrui bila honi. Kabla ya daraja la Sabaki mbuzi wamejilaza katikati ya lami, nami nikabonyeza kwa mazoea, hakuna kitu. Mama mkwe akashusha kioo, akatoa kichwa chote na buibui lake linapepea: "Similaaaa! Similaaaa! Hana honi huyu, pisheni!"

Mbuzi wakapisha. Mshale uko katikati, haujatikisika.