Rais na Makamu wasipokuwepo, ashike Spika au Waziri?

Sheria ya Marekani ya 1947 inasema Rais na Makamu wakikosekana, anashika urais Spika wa Baraza la Wawakilishi, kisha Rais wa muda wa Seneti, ndipo mawaziri, wakitanguliwa na wa Mambo ya Nje. Harry Truman, aliyeitia saini, aliona si demokrasia Rais kujiteulia mrithi. Yeye mwenyewe alirithi kiti Aprili 1945 bila Makamu, na ambaye angemrithi alikuwa waziri.

Hoja hiyo ina uzito. Lakini Spika amepigiwa kura na nani? Na jimbo moja la ubunge lenye watu wapatao 760,000, katika nchi ya zaidi ya milioni 330. Waziri hakupigiwa kura, ni kweli, ila Seneti imempitisha na anatumikia serikali iliyochaguliwa na nchi nzima. Wanaotaka mawaziri watangulie huambiwa wanadharau kura, ilhali kura ya urais ndiyo wanayoitetea.

Chukua 1973. Spiro Agnew alijiuzulu umakamu tarehe 10 Oktoba. Gerald Ford akaapishwa tarehe 6 Desemba. Kwa siku 57, huku kashfa ya Watergate ikimwandama Rais Nixon wa chama cha Republican, ambaye angemrithi alikuwa Spika Carl Albert wa Democratic. Nixon alikuwa ameshinda majimbo 49 kati ya 50 mwaka uliotangulia. Na Makamu mpya, kwa Marekebisho ya 25 ya Katiba, lazima athibitishwe na mabaraza yote mawili, ambayo Democratic ndiyo iliyoyashika. Wangeweza kulikalia jina la Ford, na Nixon aking'oka, Ikulu ingehama chama bila mwananchi kupiga kura. Hawakufanya hivyo, lakini sheria haikuwazuia.

Mwaka 1868 jaribu lilikuwa wazi zaidi. Kwa sheria ya wakati huo, Benjamin Wade, Rais wa muda wa Seneti, ndiye angemrithi Rais Andrew Johnson, aliyekuwa akishtakiwa mbele ya Seneti ili aondolewe, na bado Wade alipiga kura ya kumtia hatiani. Johnson alipona kwa kura moja.

Kuna kasoro nyingine isiyosemwa sana: Spika lazima ajiuzulu uspika na ubunge kabla ya kukaimu. Rais akiugua wiki mbili tu akapona, Spika amepoteza vyote. Akikataa, na waziri akakaimu, Spika mwingine anaweza kuja baadaye na kumwondoa.

Kurekebisha hakuhitaji kugusa Katiba. Mwaka 1886 Bunge liliwatanguliza mawaziri kwa sheria ya kawaida, na utaratibu huo ukadumu miaka 61.