Washa data nikupigie: simu ya bure inalipiwa na nani?

Siku hizi maongezi mengi ya nchi na nchi huanza kwa ujumbe wa maneno matatu: "Washa data nikupigie." Zamani mpigaji hakuwa na sababu ya kumwagiza mtu hivyo. Alizungusha namba, kengele ikalia upande wa pili, na kazi ya aliyepigiwa ilikuwa kunyanyua simu tu. Gharama yote ilimwangukia mpigaji, na ilikuwa gharama kwelikweli: huduma ya simu ya redio kati ya New York na London ilipofunguliwa mwaka 1927, dakika 3 za kwanza zilitozwa dola 75. Leo tunaongea saa nzima na kusema tumeongea bure. Mimi mwenyewe hupiga hivyo kila wiki na sina mpango wa kuacha. Ila hilo neno "bure" linanikera, na ndilo ninalotaka kulichokonoa.

Unafuu wenyewe ni wa kweli, hilo lisibishaniwe. Simu ya kizamani iliwatengea wasemaji wawili njia yao peke yao tangu salamu hadi kwaheri, hata walipokaa kimya. Njia hizo zilikuwa za kuhesabu. Kebo ya kwanza ya simu kuvuka Atlantiki, TAT-1 ya mwaka 1956, ilianza na nafasi ya mazungumzo 36 tu kwa wakati mmoja. Kitu kikiadimika kiasi hicho, bei yake haiwezi kuwa ya kawaida.

Simu ya intaneti, ambayo mafundi huiita VoIP, haimtengei mtu njia. Sauti hupimwa mara 8,000 au zaidi kwa sekunde, hugeuzwa tarakimu, kisha hukatwa vipande vya milisekunde 20 hivi. Kila kipande hutiwa kwenye pakiti yenye anwani na kurushwa mtandaoni, kikachanganyika na barua pepe, video na kila kinachopita humo. Ni pakiti 50 kwa sekunde kwa kila msemaji. Intaneti ya nyumbani haiulizi kama pakiti inakwenda kwa jirani au ng'ambo ya bahari. Ukitumia mbinu ya kawaida isiyobana sauti, ile inayoitwa G.711, na ukijumlisha kwenda na kurudi pamoja na anwani, dakika moja inakula megabaiti 1.2 hivi. Mbinu zinazobana sauti hula kidogo zaidi. Ipo moja ya miaka ya 1990, G.729, ambayo kipande chake cha sauti kina baiti 20 huku anwani zikichukua 40: bahasha nzito kuliko barua. Kwa hiyo mtu aliyekwisha kulipia intaneti ya mwezi mzima, dakika za kuongea hazimwongezei chochote. Hadi hapa watetezi wa simu hizi hawajakosea.

Wanapokosea ni pale wanapozungumza kana kwamba simu za intaneti ni kitu kimoja. Ziko za aina mbili. Ya kwanza hutoka programu ikaingia programu, kama tunavyopigiana kwa WhatsApp au Signal. Sauti haitoki nje ya intaneti hata mara moja, na hakuna wa kudai nauli ya dakika. Ya pili huanzia kwenye kompyuta au adapta (kifaa kidogo cha kuunganisha simu ya mezani na intaneti) nyumbani kwako ikaenda kulia kwenye simu ya kawaida ya mtu ambaye huenda hajawahi kugusa intaneti. Sauti husafiri mtandaoni mpaka kwenye lango fulani, ikavuka hapo kuingia mtandao wa simu wa nchi inayopigiwa, na mwenye mtandao huo hutoza ada ya kuifikisha simu mwisho wa safari. Ada hiyo ndiyo inayotawala bei unayoiona.

Ndiyo maana umbali hausemi chochote kuhusu bei. Nchi mbili zilizopakana zinaweza kutofautiana mara nyingi, na ndani ya nchi moja namba ya mezani ikawa rahisi kuliko ya mkononi. Tangazo likisema "kuanzia senti moja", hilo neno "kuanzia" ndilo la kulisoma mara mbili. Tafuta bei ya nchi yako na ya aina ya namba unayoipiga. Angalia kama sekunde hukusanywa kuwa dakika kamili, kama kuna ada ya kuunganishwa, na salio hufa baada ya muda gani. Nimeona huduma zenye dakika rahisi ajabu ambazo faida yake yote imo kwenye salio linalokufa kabla halijatumika.

Wapinzani wa simu hizi nao wana hoja nzito ambayo sisi watumiaji hatupendi kuisikia. Katika utaratibu wa zamani, shirika la simu la nchi inayopiga lililipa shirika la nchi inayopigiwa kiasi kilichokubaliwa kwa kila dakika. Kwa kuwa nchi tajiri zilipiga zaidi kuliko zilivyopigiwa, mashirika ya nchi maskini yaliingiza fedha za kigeni kwa njia hiyo. Mwaka 1997 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilisema viwango hivyo viko juu mno kuliko gharama halisi, ikaweka ukomo wa senti 15, 19 au 23 za dola kwa dakika kulingana na uchumi wa nchi inayopigiwa. Mashirika ya nje yalikwenda mahakamani, yakashindwa mwaka 1999. Kisha zikaja programu za simu zikamalizia kazi iliyobaki.

Je, fedha zile zilijenga mitandao? Kwa sehemu, pengine. Lakini tukumbuke zilitoka mfukoni mwa nani. Wapigaji wakubwa wa simu za kimataifa ni watu walioacha wazazi, wake, waume na watoto mbali. Ilikuwa kodi ya ajabu: kadiri unavyowakumbuka ndugu zako, ndivyo unavyotozwa. Sioni vipi mtu anaweza kuitetea kwa uso mkavu. Hata hivyo serikali kadhaa zimeitetea kwa vitendo. Mwaka 2016 simu za intaneti zilifungwa nchini Moroko na kufunguliwa tena kabla ya mwaka kwisha. Katika Falme za Kiarabu simu za WhatsApp zimezuiwa kwa miaka mingi. Anayehamia nchi ngeni aulize sheria ya huko kabla ya kuwaahidi watu wa nyumbani kwamba atawapigia kila jioni.

Kuhusu ubora wa sauti, lawama nyingi hutupwa pasipostahili. Shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, linapendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja ili maongezi yaende kama kawaida. Mwanga unaobeba sauti ndani ya kebo ya nyuzi za kioo hukimbia kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kilomita 10,000 za kebo huchukua milisekunde 50 tu. Bahari haina hatia. Tatizo huja pale intaneti inapopitia setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta: kupanda na kushuka peke yake ni robo ya sekunde, na hapo ndipo watu wawili huanza kusema kwa pamoja, wakanyamaza kwa pamoja, kisha wakaambizana "sema wewe".

Mara nyingi zaidi mkosaji yumo ndani ya nyumba. Nilimlaumu ndugu yangu kwa miezi kwamba mtandao wake mbovu, nikamfanya atoke nje kusimama uani usiku ili tuongee. Siku moja nikachomeka kompyuta yangu kwa waya kwenye ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani, na sauti yake ikaja safi kama yuko chumba cha pili. Wi-Fi yangu ndiyo iliyokuwa ikipoteza pakiti, kwa sababu ruta niliiweka nyuma ya jokofu. Pia kuna lile la mtu mmoja nyumbani kupandisha video wakati mwingine yuko kwenye simu. Pakiti za video hujazana kwenye foleni ya ruta, na za sauti hukwama nyuma yake. Barua pepe ikichelewa nusu sekunde hakuna atakayejua. Sauti ikichelewa hivyo, neno limeshapita wakati wake na hutupwa. Hapo ndipo unaposikia maneno yanakatikakatika. Ruta nyingi zina sehemu ya kuipa sauti kipaumbele, na ni wachache wanaoifungua.

Sasa, kuna wanaokwenda mbali zaidi wakang'oa simu ya mezani kabisa, wabaki na intaneti pekee. Hapa nawasihi wasikimbilie. Simu ya waya wa shaba ilipata umeme wake, volti 48, kutoka kwenye kituo cha simu, kwa hiyo iliendelea kufanya kazi nyumba ikiwa gizani. Ruta na adapta hufa pamoja na taa. Tena programu nyingi haziwezi kupiga namba za dharura, na zile huduma zinazoweza huenda zikampa mpokeaji anwani ya zamani uliyojiandikishia kabla hujahama. Marekani ililazimika kutoa kanuni mahususi juu ya hilo mwaka 2005. Kama nyumbani kuna mgonjwa au mtoto mchanga, njia ya pili ya kupiga simu ni ya lazima, hata ikiwa ni simu ndogo ya vitufe yenye chaji ndani ya droo ya jikoni.

Usalama ni jambo la pande mbili vilevile. WhatsApp imesimba mawasiliano yake mwanzo hadi mwisho tangu 2016, yaani ni wanaoongea tu wanaoweza kuyasikia, na waya wa shaba wa zamani haukuwahi kutoa ulinzi wa namna hiyo. Lakini simu ikitoka intaneti kwenda namba ya kawaida, usimbaji unaishia langoni. Na akaunti yenye salio ni pochi. Matapeli hutafuta akaunti zenye nywila dhaifu, wakaingia usiku na kuzipigisha namba za kimataifa za ada kubwa ambazo wao wenyewe wana mgawo katika mapato yake. Zima ujazaji wa salio unaojiendesha wenyewe, funga nchi usizopiga, weka kiasi kidogo kila mara. Usijenge maisha juu ya namba ya kukodi pia. Skype, iliyoanzishwa mwaka 2003 na Niklas Zennström na Janus Friis pamoja na wahandisi wa Estonia, ndiyo iliyowafundisha mamilioni ya watu kupigiana kwa intaneti. Microsoft iliinunua kwa dola bilioni 8.5 mwaka 2011, ikaifunga tarehe 5 Mei 2025. Mwenye duka alipofunga, walioigeuza namba yao ya Skype kuwa namba ya familia au ya biashara ilibidi wahame.

Lakini narudi kwa yule aliyeandikiwa "washa data". Katika nchi nyingi simu ya kawaida humlipisha anayepiga peke yake. Simu ya programu imebadilisha mkataba huo bila mtu kutia sahihi. Sasa aliyepigiwa anatakiwa awe na simu inayokubali programu, aisasishe, awe na chaji, akae mahali penye mtandao, na anunue bando. Mimi mwenye intaneti ya mwezi ndani ya nyumba silipi zaidi hata nikiongea siku nzima. Yeye anayenunua data kwa vipimo vidogo, saa moja ya sauti isiyobanwa inamla megabaiti 72, na akiambiwa awashe kamera, zinakwenda mara nyingi zaidi ya hapo. Mara kadha wa kadha, mwenye kipato kidogo kati ya wawili ndiye anayebeba sehemu inayouma.

Ndiyo maana, kwa wazee, naipendelea ile simu ya aina ya pili ambayo watu huibeza kwa kuwa si bure. Mimi nalipa senti zangu langoni, naye simu yake ya kitochi inalia palepale alipo, shambani au kitandani, bila kuwasha chochote. Kwa wale walio na intaneti ya kudumu kama mimi, programu inatosha, na kamera iwake. Na ikiwa mama anataka kumwona mjukuu usoni, basi bando la simu hiyo linatumwa na anayepiga, kabla ya ujumbe wa kumwambia awashe data.