Kura iwe lazima, ila serikali ibanwe kwanza

Kila uchaguzi ukipita ubishi ni uleule, watu hawakujitokeza, vituo vilikuwa vitupu mchana kutwa, halafu linakuja lile swali la kwa nini kupiga kura kusiwe lazima kisheria kama ilivyo kulipa kodi. Mimi nasema iwe lazima. Ila nina masharti, na masharti yenyewe yanaibana serikali kuliko yanavyombana mwananchi.

Kwanza tuelewane kuhusu nani hasa hapigi kura, manake wengi wakisikia hivyo wanafikiria mtu mvivu aliyelala nyumbani. Hapana bana. Mfikirie mlinzi anayekesha lindoni, asubuhi anatoka hoi na jioni anatakiwa tena kazini, au dada wa kazi ambaye hata kutoka getini mpaka bosi akubali, au kijana aliyehama kufuata kibarua na jina lake likabaki kwenye daftari la kule alikotoka, na nauli ya kwenda na kurudi hana. Hawa ndio wanaokosekana kwenye foleni. Na wanasiasa wanalijua hilo vizuri sana, wana hesabu zao za nani anapiga na nani hapigi, ahadi nzito zinaenda kwa wanaopiga na wengine wanabaki kuchezewa muziki jukwaani. Kwa hiyo mtu akiniambia kutopiga kura ni uhuru wake namuelewa, lakini namuuliza, huyo mlinzi naye alichagua?

Sasa angalia Australia. Walipitisha sheria ya kura ya lazima mwaka 1924, manake uchaguzi wa 1922 waliojitokeza hawakufika hata asilimia 60. Uchaguzi uliofuata, 1925, ikaruka hadi zaidi ya asilimia 91, na kwa miaka karibu mia imekaa karibu kila mara kwenye 90 na kitu. Faini ya uchaguzi wa kitaifa ni dola 20 za kwao tu, kwa hiyo sio kwamba watu wanaogopa kufilisika. Kinachonivutia mimi ni upande wa pili wa hiyo sheria, kwamba ukishamwambia mtu ni lazima upige, huwezi tena kumwekea kituo mbali au kumpangia siku ya kazi. Wenzetu wanapiga kura Jumamosi, unaweza kupiga mapema au kwa posta, na kuna timu zinazobeba masanduku kwenda mahospitalini, kwenye nyumba za wazee na kwa jamii zinazoishi mbali huko porini. Serikali inamfuata mpiga kura alipo! (Japo niseme na hili, maana linauma, kwamba hiyo "lazima kwa wote" ya 1924 haikuwa kwa wote kweli, wenyeji asilia wa nchi hiyo walikuja kuhakikishiwa kura ya kitaifa mwaka 1962.)

Kuna mzee mmoja alikuwa mbele yangu kwenye foleni, sikumbuki sura vizuri ila nakumbuka kadi yake alikuwa ameifunga kwenye kitambaa. Alipofika mezani karani akapitisha kidole kwenye orodha, ukurasa huu, ukurasa ule, mwisho akamwambia jina lako halipo hapa baba, jaribu kituo kingine. Kituo kipi? Hakuna aliyejua. Mzee akaifunga tena kadi yake akaondoka polepole na hakuna aliyemsindikiza. Sasa nchi ikiweka sheria ya lazima bila kurekebisha daftari, mtu kama huyu ndiye atakayepigwa faini, na hapo mimi nitakuwa wa kwanza kupinga. Kwa hiyo sharti langu la kwanza ni kwamba kuandikishwa iwe kazi ya serikali, mtu akifikisha umri aingizwe moja kwa moja na akihama jina limfuate.

Faida nyingine ambayo naona haizungumzwi kabisa ni kwenye kampeni. Pale ambapo kura ni hiari kuna njia mbili za kushinda, ya kwanza kuwavuta watu kwako, ya pili kuhakikisha watu wa mwenzako wanabaki nyumbani, na hii ya pili ndiyo inayozaa vitisho, uvumi na matusi ya kuwachosha watu mpaka waone siasa ni uchafu wakae pembeni. Kura ikiwa lazima hiyo mbinu haina maana tena, utabaki na kazi moja tu ya kushawishi.

Wanaopinga wanasema mtalazimisha watu wasiojua kitu watie alama popote. Ni kweli wapo, Australia, ambako unawapanga wagombea kwa namba, wanajulikana wanaojaza karatasi kuanzia jina la kwanza kwenda chini bila kusoma. Lakini hilo lina dawa, jimbo la Tasmania huwa linabadilisha mpangilio wa majina kutoka karatasi moja hadi nyingine ili asiwepo mgombea anayependelewa na nafasi. Na kusema ukweli hoja hii siipendi, kwa sababu kila kundi lililowahi kunyimwa kura, wanawake, maskini, wasiosoma, liliambiwa hivyohivyo kwamba halijui kitu.

Hoja ninayoiheshimu ni ya mtu anayesema wagombea wote siwataki, mnanilazimishaje nichague? Huyu ana haki. India tangu 2013 karatasi ina sehemu ya "hakuna hata mmoja", ila kwenye uchaguzi wa bunge hata wakiipigia wengi kiasi gani mgombea anayefuata anashinda tu, kwa hiyo ni kama kulalamika kwa maandishi. Colombia ndio wamefanya kweli, japo kwao kura sio lazima, kura tupu, yaani za kuwakataa wagombea wote, zikizidi nusu uchaguzi unarudiwa, na kwenye umeya wagombea wa kwanza hawaruhusiwi kurudi. Mji wa Bello mwaka 2011 ulifanya hivyohivyo, mgombea wa umeya alikuwa mmoja tu na wananchi wakamshinda kwa kura tupu! Nataka kitu kama hicho kiwemo ndani ya sheria, lazima uje, lakini ukija uwe na uwezo wa kuwakataa wote na kukataa kwako kuhesabike.

Na pale ambapo mshindi anajulikana kabla hata ya kampeni, sheria hii isiwekwe kabisa. Misri mwaka 2018 rais aligombea na mpinzani mmoja ambaye hata hakuwa na makali, akapata asilimia 97, na wananchi wakatishiwa faini ya pauni 500 wasipojitokeza. Hapo mtu analazimishwa kupamba tu shughuli ya mwingine.

Kuhusu adhabu, isiwe jela na isiwe ya kumuumiza maskini. Peru wana utaratibu naupenda, faini inapungua kulingana na umaskini wa wilaya unayotoka. Brazil ukikosa kupiga bila kujieleza wala kulipa wanakunyima paspoti mpaka umalize, faini yenyewe ni ndogo sana, lakini hili la paspoti kwangu wamezidisha.

Wapo watakaoniuliza kuhusu watu ambao imani yao haiwaruhusu kupiga kura. Hao waachwe, na wasisumbuliwe kwa maswali mengi. Sheria ya Australia yenyewe inakubali dini kuwa sababu halali, mtu anajieleza kwa maandishi na mambo yanaishia hapo.