Kukabana Kufundishwe Kabla ya Teke la Juu

Nakuru ni mji wa ndondi. Philip Waruinge, aliyerudi na shaba kutoka Olimpiki ya Mexico 1968 na fedha kutoka Munich 1972, alitoka huku, na vijana bado wanafunzwa ngumi vizuri. Lakini ndondi ina refa: mkishikana, anawatenganisha. Kwenye stegi usiku hakuna refa, na baada ya ngumi mbili tatu watu huwa wameshashikana mashati. Ndiyo maana nasema anayejifunza kujilinda, awe Nakuru au Kisumu, aanze na kukabana, yaani kupambana mkiwa mmeshikana, wiki ya kwanza. Mateke ya juu yatangoja.

Kitu cha kwanza ni kichwa. Bandika paji la uso kwenye taya la mwenzako, shingo yako ikiwa imenyooka. Ukiinama hadi kifuani pake umempa shingo aizungushie mkono, au uso aupige goti. Kisha pitisha mkono mmoja chini ya kwapa lake, kiganja kifike hadi nyuma ya bega. Mkono wa pili umshike juu kidogo ya kiwiko, asipate nafasi ya kurusha ngumi. Wengi huharibu hapa: wanaachia kiwiko cha ule mkono wa chini kikae mbali na ubavu, mpinzani anaubana kwa juu, na bega linaumia.

Ukikamata kichwa, shika juu kwenye kisogo, usishike chini shingoni penye nguvu zake. Kiganja kikae juu ya kiganja. Usipachanye vidole, maana mkianguka vinateguka. Mikono peke yake huchoka haraka. Piga nusu hatua kando, uzito wako ndio umvute. Ukipishanisha miguu tu, unakula ngwala.

Ngeta, yaani kukabwa shingo kwa mkono kutoka nyuma, ni shida nyingine, na haisubiri. Mishipa ya pande mbili za shingo ikibanwa sawasawa, mtu huzimia ndani ya sekunde 10 hivi. Kwa hiyo usianze kurusha viwiko nyuma. Mikono yako yote miwili iukamate mkono unaokukaba na kuuvuta chini kifuani, kidevu ukizamishe kwenye kunjo la kiwiko chake, shusha makalio. Ukishapata pumzi ndipo ugeuke.

Makocha wengi husema hawana mikeka. Kumwangusha mtu kunahitaji mkeka, tena mwanafunzi awe ameshajua kuanguka. Lami haisamehi kisogo. Kugombania kwapa na kichwa hakuhitaji. Sakafu ya ukumbi wa kanisa inatosha: raundi ya dakika 2, nguvu theluthi moja, mmoja anatafuta kupitisha mkono, mwingine anamzuia, halafu wanabadilishana. Raundi tano za hivyo kila kipindi, kabla glavu hazijatolewa kwenye mfuko.