Chumba cha chini kikivuja, chimba nje kabla hujanunua dawa

Kila masika mafundi huitwa kwenye nyumba zilizochongewa mlimani, kuanzia Ilboru na Moshono kule Arusha hadi Kibosho na Machame kule Kilimanjaro, kupaka "dawa ya maji", yaani mipako ya kuzuia maji, kwenye kuta za vyumba vya chini. Ikifika Agosti ukuta ni mkavu na fundi anasifiwa. Machi ikirudi, plasta inabambuka palepale. Msimamo wangu ni huu: kupaka dawa ndani wakati maji yamejaa nyuma ya ukuta ni kupaka rangi upepo, na wenye nyumba wanapoteza fedha nyingi kwa sababu hakuna anayewaambia.

Udongo wetu wa volkano hunywa mvua haraka. Maji yakikutana na tabaka gumu huko chini, yanateremka kuufuata mlima, na ukuta wako umeyazibia njia. Yakisimama mita 2 nyuma ya ukuta, sehemu ya chini inasukumwa kwa nguvu ya karibu tani 2 kwa kila mita ya mraba. Rangi ya ndani inasukumwa kutoka mgongoni, haina kinachoishika ila gundi yake. Ndiyo maana inafanya malengelenge, kisha chumvi nyeupe inatokeza.

Kabla ya kuchimba, hakikisha maji ni ya mlimani kweli. Bandika kipande cha nailoni, sentimita 50 kwa 50, ukutani, ukizibe kingo zote kwa utepe wa gundi, ukiache siku mbili. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, unyevu unatoka ukutani. Yakiwa mbele, ni unyevu wa hewa ya chumbani unaogeuka matone kwenye ukuta wa baridi, jambo la kawaida hapa Juni na Julai, na dawa yake ni kupitisha hewa tu. Kisha funga mabomba yote ya ndani, soma mita ya maji, uisome tena baada ya saa mbili. Ikisogea, una bomba linalovuja. Kama shimo la choo liko upande wa juu wa nyumba, mimina rangi ya chakula chooni uangalie kama itajitokeza ukutani. Panda pia juu ya kiwanja: mfereji wa kumwagilia migomba unaopita hapo unaweza kulowesha ukuta hata wakati wa kiangazi.

Halafu tazama paa. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati la mita za mraba 120 likipigwa na mvua ya milimita 50 linamwaga lita 6,000, na nyumba nyingi zinazimwaga zote kwenye kona mbili, chini kabisa ya ukuta. Peleka maji ya gata angalau mita 2 au 3 mbali, upande wa chini. Ardhi inayozunguka nyumba ishuke sentimita 15 ndani ya mita 3 za kwanza. Kazi hii ni rahisi na mara nyingine inatosha.

Isipotosha, chimba mtaro upande wa mlimani. Kitako cha bomba kiwe chini ya usawa wa sakafu ya ndani, lakini usichimbe kupita chini ya msingi, utaulegeza. Chimba vipande vya mita 2 hivi, ukamilishe kimoja kabla ya kufungua kingine. Mtaro ukizidi mita 1.2, weka mbao za kuzuia udongo kabla mtu hajashuka. Udongo uliolowa unaporomoka ghafla na unaua. Hapo pasifanyiwe ubahili.

Sugua ukuta, ziba mapengo ya mawe, piga plasta ya 1:3 (saruji moja, mchanga tatu) kwa mikono miwili, yaani tabaka mbili, na ukuta unapokutana na msingi tengeneza kona ya mviringo, kwa sababu kona kali ndiyo inayopasuka kwanza. Mwagilia siku 7. Ikikauka, paka lami mikono miwili, wa pili ukikatiza wa kwanza, kisha kinga lami kwa vipande vya stairofomu ili mawe yasiitoboe wakati wa kufukia. Chini laza bomba la inchi 4 lenye matundu, matundu yakitazama chini, mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita, ndani ya kokoto zilizooshwa, na kokoto zote zifungwe kwa kitambaa cha kuchujia. Mafundi wengi hukiruka kitambaa hiki. Bila hicho tope laini linaingia kati ya kokoto na mtaro unakufa. Kokoto zipande hadi sentimita 30 kabla ya usawa wa ardhi, juu yake shindilia mfinyanzi.

Ndani dawa ina kazi moja tu ya maana: kuziba ufa unaotiririka. Chonga mfereji wa upana wa sentimita 2 na kina cha 3, kuta zake zikiwa wima au zikipanuka kwa ndani. Ukichonga umbo la V, maji yatasukuma kizibo nje. Tumia saruji ya kushika haraka, kiasi cha kiganja kwa wakati mmoja, ukiwa na glovu, uishikilie dakika chache hadi iwe ngumu. Anza juu, tundu la chini kabisa liwe la mwisho. Skimu (plasta laini ya kumalizia) na jipsamu zisiguse ukuta huo hadi masika moja yapite ukiwa mkavu.

Mdomo wa bomba utokee upande wa chini wa kiwanja, uwekewe wavu wa panya. Kila kona simamisha bomba lenye kifuniko, na kila Februari ingiza mpira wa maji humo hadi maji yatoke safi upande wa pili.